Risasi Isiyo na Risasi

Bata wa kwanza niliyempiga Arkansas hakufika jikoni. Ilikuwa Desemba 2016, alfajiri ya baridi kali, barafu nyembamba imetanda juu ya maji ya jaruba kama utando wa maziwa. Dume wa kichwa kijani akaja mbele yangu, mabawa ameyakunja, miguu yake ya rangi ya chungwa imeshuka tayari kutua, hatua ishirini na tano hivi kutoka nilipochutama. Nikafyatua. Manyoya machache yakatoka upande wa mkia. Bata akayumba, akajikaza, akapaa tena akiwa amelalia upande mmoja, akavuka tuta, akavuka mfereji, akaanguka kwenye matete mbali huko. Tulimtafuta na mbwa karibu saa nzima, maji yakitufika mapajani. Hatukumwona.

Mzee mwenye shamba hakunigombeza, na kimya chake kiliniuma zaidi. Tulipofika bandani aliomba bunduki yangu, akahakikisha haina kitu ndani, akamulika mdomo wa mtutu kwa tochi. Kisha akanyoosha kiganja: nimpe na risasi zilizobaki mfukoni. Akazisoma moja moja chini ya taa. Hapo ndipo shule yangu ya kuwinda bata ilipoanza, ingawa nilikuwa tayari nimehitimu kozi ya usalama ambayo Arkansas inamtaka kila mwindaji aliyezaliwa 1969 na kuendelea awe nayo, nina leseni, na stempu ya bata ya serikali kuu nimeilipia dola 25 na kuisaini jina langu.

Mimi ni mtoto wa Mbarali, kule Tanzania, nimekulia kwenye mpunga. Nilipoletwa na kazi ya kuendesha malori ya nafaka mpaka Grand Prairie, ile nyanda ya mashariki ya Arkansas inayouzunguka mji wa Stuttgart, kitu cha kwanza nilichokitambua ni majaruba. Ni makubwa kuliko ya kwetu, yamesawazishwa kwa mashine, lakini tuta ni tuta na mfereji ni mfereji. Tofauti ni kwamba huku wakishavuna, wakulima wengi wanarudisha maji shambani makusudi wakati wa baridi. Punje zilizomwagika zinabaki chini ya maji, na bata wanaoshuka kutoka kaskazini kwa kufuata bonde la Mississippi wanazijia kwa makundi yanayotia giza angani. Stuttgart wanaupenda mchezo huu kiasi kwamba tangu 1936 wanafanya mashindano ya dunia ya kuita bata kwa filimbi. Nikajiambia, nami nimo.

Elimu yangu ya bunduki ilikuwa ya gobore la mjomba. Mjomba alilinda shamba dhidi ya nguruwe pori, na gobore lake alilishindilia chochote kizito kilichopatikana: vipande vya nondo, vichwa vya misumari. Kanuni ya kijijini ilikuwa kwamba kipande kikubwa ndicho kinachoua. Basi nilipoingia dukani kununua vifaa vyangu vya bata, nilichagua kwa kanuni ile ile. Nikachukua choki inayobana kuliko zote, na risasi zenye marisau, yaani zile punje za ndani, makubwa ya saizi inayoitwa BB. Muuzaji akanisifu kwamba nimechagua za nguvu.

Hapa nieleze kidogo. Choki ninayoisema si ile ya pikipiki inayovutwa asubuhi injini ikiwa ya baridi. Ni kipande cha bomba, kirefu kama kidole, kinachofungwa kwa nyuzi ndani ya mdomo wa mtutu wa shotigani. Kazi yake ni kuubana mdomo ili marisau yatoke yakiwa yameshikana badala ya kutawanyika mapema. Mtutu wa geji 12, ambao ndio wa kawaida, una upana wa karibu milimita 18 na nusu. Choki ya robo inaubana kwa robo ya milimita tu. Choki ya nusu inabana nusu milimita. Fulu inakaribia milimita 0.9. Wamarekani wana majina yao mengine, ila mimi nimezoea haya ya robo, nusu, robo tatu na fulu, yanakaa vizuri kichwani. Ukitazama ukingo wa choki utaona vikato vidogo vya kuitambulisha, na kwenye nyingi mkato mmoja ndio fulu, mitatu ni nusu, minne ni robo. Mikato inaongezeka kadiri choki inavyofunguka. Nimekuta watu wazima waliowinda misimu mitano wakiisoma kinyume.

Turudi bandani. Mzee alijaribu kuifungua choki yangu kwa ufunguo wake, ikakataa. Tuliimwagia mafuta, tukasubiri, tukajaribu tena, na nusu saa ikapita kabla haijalegea. Alipoitoa aliipeleka kwenye taa akanionyesha maandishi madogo ubavuni. Niliyaona siku ya kuinunua. Yalisema kwa Kiingereza kuwa ni ya risasi tu, nami kichwani nikayachukua kama yalivyo: risasi tu, sawa, kwani bunduki inatumia nini kingine?

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki, na risasi ni ile metali laini, nzito, ya kijivu. Kwa karne nyingi hapakuwa na sababu ya kutenganisha, kwa kuwa ya kwanza ilitengenezwa kwa ya pili. Hata hilo jina la geji 12 limetoka huko: pauni moja ya risasi ukiigawa mipira kumi na miwili iliyo sawa, kila mpira unaenea kwenye mtutu wa geji 12. Lakini kwa bata wa Marekani ndoa hiyo ilivunjwa. Tangu msimu wa 1991 ni marufuku nchi nzima kuwinda bata na bata bukini kwa marisau ya risasi. Choki yangu ilitengenezwa kwa ajili ya metali ile laini inayojibonyeza inapopita mahali pembamba. Mimi nilikuwa nikiipitishia chuma, tena punje nene za milimita 4.6, na chuma hakijibonyezi. Kilichojibonyeza ni choki. Ningeendelea nayo, mtutu wenyewe ungevimba.

Sababu ya marufuku nilikuja kuielewa vizuri jikoni kwangu, nikiwa nimeshika firigisi. Bata hana meno. Anameza vijiwe na mchanga, vinakaa kwenye firigisi, msuli ule unasaga nafaka kama jiwe la kusagia. Punje ya risasi iliyolala kwenye tope la jaruba, machoni pa bata ni kijiwe au mbegu. Akiimeza inasagwa, asidi ya tumboni inaiyeyusha, sumu inaingia kwenye damu. Punje moja au mbili zinatosha kumlegeza hata ashindwe kuruka, afe polepole majanini bila mtu kumpiga. Tai wanaokula bata wagonjwa nao wakawa wanakufa kwa sumu hiyo hiyo. Mzee aliniambia baba yake alilalamika sana sheria ilipokuja, na alikufa bado analalamika kwamba chuma ni takataka. Yeye mwenyewe hana malalamiko. Anasema maji ni yake, bata wanaomjia wanakula chakula chake, hawezi kuwawekea sumu mezani.

Wiki iliyofuata alinipeleka nyuma ya ghala, kwenye ukingo mrefu wa udongo, hakuna nyumba wala mtu upande wa pili. Akasimamisha fremu ya mbao, akabandika karatasi ya kaki yenye upana wa mita moja na robo, akachora nukta nyeusi katikati. Kila choki na kila aina ya risasi tungeipima kwa karatasi, akasema, na hakuna kurudi shambani mpaka tumalize. Tulipima hatua ishirini na tano, umbali wa yule bata wangu. Aliniazima choki ya fulu inayokubali chuma, nikaweka BB, nikalenga nukta, nikafyatua.

Nilipoliona tundu nilidhani nimefanya vizuri. Katikati karatasi ilikuwa imeraruka kabisa, na karibu marisau yote yalikuwa ndani ya mduara wa sentimita arobaini na kidogo. Mzee akatoa bata aliyekatwa kwa boksi, akamweka juu ya tundu. Hapo, akasema, bata huyu ni nyama ya kusaga, hafai hata kwa mbwa. Kisha akamsogeza kiganja kimoja tu pembeni. Mwili wa bata ukabaki na matundu mawili, yote nyuma, karibu na mkia. Sikuhitaji maelezo zaidi. Nilikuwa nikimtazama bata wangu wa Desemba. Nilichelewa kidogo kumtangulia, nikampiga kwa ukingo wa mduara mwembamba, akaondoka na punje mbili tumboni.

Tukabandika karatasi nyingine, nikafunga choki ya robo, na risasi za chuma namba 3, zenye punje ndogo kuliko BB. Kwa hatua zile zile mduara ulipanuka hadi karibu sentimita sabini, na nilipomsogeza bata wa boksi kushoto na kulia, kila mahali alipata matundu ya kutosha kifuani, shingoni na kichwani.

Baadaye tukaenda yadi 40, ambazo ni mita 36 na nusu, kipimo cha kawaida cha choki. Desturi ni hii: unafyatua, halafu unatafuta mahali matundu yalipojaa zaidi, unachora hapo mduara wa inchi 30, yaani sentimita 76, unahesabu yaliyomo. Kwa marisau ya risasi, choki ya robo inatarajiwa kuweka nusu ya punje zake ndani ya mduara, ya nusu asilimia 60, fulu asilimia 70. Chuma kinabadilisha hesabu. Punje ya risasi inapigwapigwa ndani ya mtutu, inapoteza umbo, nyingine zinatoka zimebonyea na kupotea pembeni. Punje ya chuma inatoka mviringo kama ilivyoingia na kwenda moja kwa moja. Kwa hiyo choki ya robo ukiipa chuma inafanya kazi inayokaribia ya nusu, na ya nusu inakaribia fulu. Ndiyo maana kwa chuma fulu mara nyingi haina kazi.

Tulipiga kila mchanganyiko mara tano. Karatasi moja inadanganya, mzee hakukubali kuandika chochote kabla ya tano. Tulitumia kalamu nyekundu kutia alama kila tundu tusilihesabu mara mbili. Mzee ana kiwango chake: kwa bata mkubwa wa kichwa kijani, mwenye kilo moja na robo, anataka matundu yasiyopungua 85 ndani ya mduara, kwa umbali ule ule anaokusudia kupiga. Chini ya hapo kuna mianya ambayo bata mzima anapita.

BB ilishindwa. Risasi ya aunsi moja na robo, kama gramu 35, inabeba punje 90 tu za BB. Hata zote zingeingia ndani ya mduara zingefika kwa shida, na zilizoingia na choki ya nusu zilikuwa 58 kwa wastani. Ni risasi ya bata bukini, ambaye ni mkubwa na ana mifupa minene. Namba 2, kwa uzito ule ule, inabeba punje kama 156, na choki ya nusu iliniwekea 110. Namba 3 na choki ya robo iliweka 108 hapo, na zaidi ya 140 tulipokaribia yadi 30. Namba 6 ilifunika karatasi kama ukurutu, punje karibu 400, lakini mzee alinionya nisiipende kwa sura. Kila punje ni nyepesi, na kufika yadi 40 imeshachoka. Inaishia kwenye manyoya na mafuta.

Uzito wa punje ndio uliokuwa umenikwepa muda wote. Risasi ni nzito kuliko chuma: kwa sentimita moja ya ujazo, risasi ina gramu kama 11, chuma haifiki 8. Kwa hiyo punje mbili zenye ukubwa sawa, ya chuma ni nyepesi, inapoteza kasi haraka na kupenya kidogo. Wazee waliozoea risasi namba 4 waliambiwa wapande ngazi mbili za ukubwa, watumie chuma namba 2. Nilipozipima kwa mzani mdogo wa jikoni, ishirini ishirini, nikaona kwa nini: punje ya chuma namba 2 na punje ya risasi namba 4 kila moja ina gramu 0.2 na kidogo. Kipenyo chake nacho ni rahisi kukumbuka. Toa namba ya marisau kutoka 17, unapata kipenyo kwa sehemu za mia za inchi. Namba 2 inabaki 15, yaani milimita 3.8. Namba 4 inabaki 13, milimita 3.3. Namba ikikua, punje inapungua.

Kuna mbadala wa chuma. Bismathi, yenye gramu 9.6, inaikaribia risasi na ni laini, na mzee anainunua kwa ajili ya bunduki ya baba yake yenye mitutu miwili iliyobanwa daima, ambayo hatakubali ipitishiwe chuma hata mara moja. Kuna na za tangsteni, nzito kuliko risasi yenyewe, zenye bei ambayo mimi nikiitazama nafikiria ada za watoto. Chuma kinanitosha, mradi nijue mpaka wangu.

Mpaka wangu sasa ni kigingi. Ninapopanga bata bandia alfajiri, wa mwisho ninamfunga hatua thelathini na tano kutoka nilipojificha. Bata aliye ng'ambo ya huyo simpigi, hata akipita polepole, hata mwenzangu akininong'oneza. Mwanzo wa msimu, na siku za kuwinda ndani ya misitu ya mialoni iliyofurika, ambako bata wanashuka kati ya miti mpaka unaona macho yao, natumia choki ya robo na namba 4 au 3. Januari, bata wakishasumbuliwa miezi miwili na wanatua kwa wasiwasi, nabadili kuwa choki ya nusu na namba 2. Kwa wale bata wadogo wa Septemba, wenye kama robo tatu ya nusu kilo, robo na namba 6 kwa karibu inatosha kabisa. Basi. Watu wana masanduku ya choki kumi na mbili; mimi ninazo mbili na sijaona pengo.

Lakini mfukoni nina risasi tatu za namba 6 msimu mzima, zimefungwa utepe mweupe. Bata aliyeangukia majini akiwa hai anaogelea ameinamisha shingo, na kinachoonekana ni kichwa tu. Punje kubwa chache zitamkosa. Punje ndogo nyingi zinafika. Huyo namshughulikia kwanza kabla ya kutazama tena angani, kundi lolote liwe linapita. Ila naangalia mbwa yuko wapi na mwenzangu yuko wapi, kwa sababu chuma kikigonga maji au barafu kinaruka kuelekea kisikojulikana. Na kabla ya kutoka nyumbani napekua mifuko yote ya koti. Njiwa bado wanaruhusiwa kupigwa kwa risasi mahali pengi, na moja ya namna hiyo iliyosahaulika mfukoni ukiwa unawinda bata ni kosa, hata kama hukuifyatua.

Mama watoto ana utaratibu wake. Kabla ya kuunga nyama ya bata kwa tangawizi na nazi anapitisha sumaku ndogo juu ya vipande, taratibu, kama anayepiga pasi. Punje ya chuma inavutwa mpaka unaona nyama ikiinuka kidogo, naye anaikata hapo na kisu na kuidondosha kwenye kisosi. Mtoto wetu mmoja aliwahi kuuma punje, jino likamuuma wiki nzima, ndipo sumaku ikaanza. Siku bata alipopigwa vizuri kisosi kinakuwa na punje tatu nne, nyingi za shingoni. Siku nilipopiga ovyo ninaijua kwa mlio wa kisosi kabla hajaniambia.

Novemba iliyopita shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuja kutoka Houston na bunduki mpya. Alishakamilisha kozi na leseni, na alitaka twende shambani asubuhi ile ile. Nikampeleka nyuma ya ghala.

"Shemeji, tunachelewa, bata wanaruka sasa hivi," akaniambia.

"Watarudi kesho. Weka unachotaka kupigia, piga hatua thelathini."

Alikuwa na fulu na BB. Akapiga, akaenda kuangalia, akatabasamu kwa tundu lile kubwa katikati. Nikampa bata wa boksi, yule yule, pembe zake zimeshalika. Akamweka katikati. Akamsogeza kiganja kimoja. Akakaa kimya, akamsogeza upande wa pili. Nikampa kalamu nyekundu ahesabu, akaanza kwa sauti, na alipofika hamsini na kitu akasimama, hakuna yaliyobaki.

"Huyu angeondoka," akasema.

"Angeondoka, na ungemtafuta kwenye matete."

Akaibandua karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya koti. Kisha akafungua choki kwa ufunguo wake mpya, akaipapasa ukingo kwa kidole akihesabu mikato, akachukua nyingine.

"Bandika nyingine, shemeji. Nipe na hizo namba 3 zako."